Mwezi Ambao Mama Galat Alikatazwa Kuona Makosa

Priscilla Awino alikuwa na macho makali kupita kiasi. Angesimama mlangoni mwa chumba, asiingie hata hatua moja, akakwambia kwamba shuka limevutwa zaidi upande wa dirisha, kwamba kioo cha bafuni kimepanguswa kwa kitambaa chenye mafuta, na kwamba aliyepanga hiyo mito alikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Na kweli ingekuwa hivyo. Ungemkuta mhusika jikoni, kikombe mkononi, akijiuliza nani amemsemea.

Alizaliwa Awendo, akafanya kazi hotelini Kisumu miaka tisa, halafu akaja Juba kwa mkataba wa miezi sita. Miezi sita ikazaa mwaka, mwaka ukazaa mingine, na sasa alikuwa msimamizi mkuu wa hoteli ya vyumba thelathini na viwili pale Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikiruka mazungumzo husimama, kisha huendelea palepale yalipokatika. Jumamosi hakufanya kazi kwa sababu ni Msabato. Siku nyingine sita alitafuta makosa, na aliyapata.

Wafanyakazi walimwita Mama Galat. Galat, kwa Kiarabu cha Juba, ni kosa. Yeye alilijua hilo jina na hakulichukia. Alilichukulia kama cheo.

Tatizo ni kwamba watu walikuwa wakiondoka. Mwaka huo peke yake wanane walikuwa wameaga, na wawili kati yao walihamia hoteli ya pili kutoka hapo, kwa mshahara mdogo zaidi. Mwenye hoteli, Mzee Constantine, hakuelewa. Alikuwa mtu wa Kajo-Keji aliyekaa ukimbizini Arua miaka ishirini akiuza vipuri vya baiskeli, akarudi na kuijenga hoteli hii chumba kimoja kimoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kulekule Uganda, na alikisema kwa sauti ya mtu anayeita mnunuzi ng'ambo ya barabara.

Basi Mzee Constantine akaenda Kampala kwenye semina ya siku tatu ya wenye mahoteli. Aliporudi, aliwakusanya wote kwenye ukumbi wa chakula Jumatatu asubuhi.

"Mimi iko na habari muzuri," alisema. "Kule walitufundisha. Kila mutu iko na nguvu yake. Mukubwa wa kazi asitafute makosa ya watu, atafute nguvu yao. Sisi hapa tumekuwa tunatafuta makosa tu." Hakumtazama Priscilla. Wengine wote walimtazama. "Kutoka leo, siku thelathini, mutu hapana taja makosa. Hata kidogo. Mutu akitaja makosa, wiki nzima anakunywa chai bila sukari."

Watu wa Juba hawatanii na sukari.

"Na Mama Priscilla," Mzee aliendelea, akimpa karatasi yenye majina kumi na moja, "wewe utaandika nguvu ya kila mutu. Ijumaa nataka nione."

Priscilla aliketi na ile karatasi saa nzima. Kwa Laku, askari wa getini, aliandika: "Hufika." Kwa Viola wa mapokezi: "Mwandiko mzuri." Kwa Susan mpishi aliandika "Supu," akaifuta kwa sababu supu ya Susan ilikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki, akaandika "Masufuria safi." Kwa Lino, dobi, hakuandika kitu. Lino alikuwa dobi wao kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo hakuna aliyemharibia Priscilla siku nyingi kama yeye. Alikuwa amewahi kutundika chumba namba kumi na nne pazia moja la kijani na moja la kahawia, akasimama kando kama aliyemaliza kazi ya maana.

Jumanne asubuhi Priscilla aliamua kuanza. Alipita getini akasema, "Laku, leo umesimama vizuri."

Laku alikuwa amesimama pale getini miaka saba na hakuna aliyewahi kumwambia jambo kama hilo. Aliitazama miguu yake. Kufika saa nne, hoteli nzima ilikuwa na habari. Saa sita Laku aligonga mlango wa ofisi akiwa amevaa nguo za nyumbani, sare yake imekunjwa mikononi, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Ya Mama, kama ni leo, niambie ni leo. Nina watu nyumbani."

"Leo ni nini?"

"Siku ya kufukuzwa. Ndugu yangu kule kwa kampuni ya magari aliambiwa 'asante kwa kazi nzuri' siku ya Ijumaa. Jumatatu, kalas, hana kazi."

"Hakuna anayekufukuza, Laku. Nimekusifu tu."

"Ndiyo, Mama," alisema Laku kwa huzuni. "Hata yeye walimwambia hivyo."

Hajatoka vizuri, Viola akaingia. Viola alikulia Nairobi, Kawangware, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Madam, nimesikia umeandika nina mwandiko mzuri. Mwandiko! Miaka minne nakaa kwa hiyo dawati, kitu umeona ni mwandiko? Sema tu. Barua yangu ya kuachishwa iko wapi, niiandike mwenyewe?"

Kadiri Priscilla alivyowatuliza, ndivyo walivyozidi kuamini. Wiki hiyo watu walifanya kazi kwa woga ambao hata yeye, katika kilele cha kutafuta makosa, hakuwahi kuwatia. Msichana mmoja wa vyumbani aliambiwa ana tabasamu zuri akaacha kutabasamu kabisa, asije akaonekana anajitetea.

Jumatano ya wiki ya pili yakatokea ya mashuka. Ijumaa walikuwa wanatarajia akina mama arobaini wa makanisa, wanakuja kwa mkutano wa siku tatu, na mashuka yote meupe yalikuwa yamepelekwa kufuliwa. Lino akaja nayo begani, rundo juu ya rundo, uso wote unacheka.

"Mama, tazama. Safi sana."

Yalikuwa ya waridi, yote arobaini. Rangi ile ya shali ya mtoto mchanga wa kike. Mgeni fulani alikuwa ameacha skafu mpya nyekundu imejiviringisha ndani ya shuka lake, ikaingia nayo mashineni, na ikajitolea yote.

Priscilla alifungua mdomo. Nyuma yake Mzee Constantine alikuwa akipita na kikombe chake, akainua kidole kimoja, akaendelea na safari. Priscilla akafunga mdomo.

"Lino," alisema polepole, "umekunja vizuri."

"Asante, Mama."

"Pembe zimekutana."

"Asante, Mama."

"Na rangi. Rangi unaionaje?"

"Nyeupe, Mama."

"Nyeupe."

"Nyeupe sana. Nilitia jiki."

Siku nyingine yoyote Priscilla angejua huyu anamdhihaki, na marubani wangemsikia angani. Lakini mdomo ulikuwa umefungwa, akabaki na macho peke yake, na kwa kukosa pa kuyapeleka akayaweka usoni mwa Lino. Huenda ilikuwa mara ya kwanza. Miaka miwili alikuwa akitazama mashuka. Katika ule uso hapakuwa na dhihaka. Lino alikuwa anajivunia kazi yake kwa moyo mweupe, mweupe kuliko mashuka yenyewe.

"Twende sokoni," Priscilla alisema. "Tunahitaji jiki zaidi. Na Susan anataka nyanya."

Wakapanda boda boda mbili hadi Konyo Konyo. Walipofika kwenye meza za nyanya, Priscilla alimwambia achague, mwenyewe akarudi nyuma hatua mbili. Lino alifumba macho. Akachukua nyanya moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa shinani, akaiweka kando. Akachukua nyingine.

"Ya akhu, hiyo ni nyanya, si unga," alifoka mwenye meza. "Unaikanda ya nini?"

Lino aliendelea kubonyeza na kunusa. Alipomaliza, kulikuwa na nyanya ishirini mbele yake, zote nyekundu, zote zimeiva, hakuna hata moja yenye jeraha. Priscilla mwenye macho yake asingechagua vizuri zaidi.

"Kwa nini unafumba macho?"

"Macho inanichanganya, Mama. Nikifumba ndiyo naona."

Priscilla alichukua nyanya mbichi, ya kijani kabisa, akamwinulia. "Hii ni rangi gani?"

Lino aliitazama kwa muda mrefu. "Rangi ya nyanya," alisema.

"Na ile pale?"

"Hata ile."

Priscilla aliketi juu ya gunia la mtu. Lino naye akachutama kando yake, na hapo, katikati ya makelele ya soko, akamweleza. Watu husema nyekundu, kijani, waridi. Yeye husikia tu. Tangu utotoni alidhani hilo ni somo. Kwamba kuna darasa ambapo mwalimu huwafundisha watoto tofauti zake, na kwa vile yeye aliiacha shule ya kambi ya wakimbizi akiwa darasa la tatu, lilikuwa limempita. Aliona aibu kuuliza. Mtu mzima atauliza vipi nyekundu ni nini?

"Kwa hiyo yale mapazia ya namba kumi na nne..."

"Kwangu ilikuwa ndugu, Mama. Sawasawa."

Priscilla alikumbuka jinsi alivyomsimamisha siku ile mbele ya watu wote, pazia moja mkono wa kushoto na jingine mkono wa kulia, mpaka aeleze. Lino hakuwa na la kueleza, na Priscilla alikiita kile kimya kiburi. "Lino," alisema, "nisamehe."

Lino aliruka wima. "Mama! Mnanifukuza?"

Ilimchukua soda mbili kumtuliza.

Kuanzia siku hiyo Priscilla aliacha kuandika sifa na kuanza kutazama. Alimtazama Lino kwenye meza ya pasi, akaona jinsi anavyopitisha viganja juu ya shuka na kusema, bila kuangalia, "Hii imekuwa nyepesi hapa, itapasuka wiki ijayo," na wiki iliyofuata likapasuka palepale. Kuchambua rangi kukapewa Josline wa vyumbani. Lino akahamishiwa pasi na kushona, na suruali za wageni zikaanza kutoka na mkunjo wa kukatia mkate.

Akina mama arobaini walifika Ijumaa saa saba mchana, wote pamoja, kwa mabasi mawili, na njaa. Hapo mapokezi Viola alianza kazi yake kama kawaida. Kitambulisho. Unatoka wapi? Nani anakujua huko? Mbona picha hii haifanani nawe? Mama wa tatu alikuwa bado anaeleza kwamba alinenepa baada ya kuolewa, na foleni ilikuwa imefika kwenye maua ya uani. Kiongozi wao, Mama Amou, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe, alisema kwamba hata mpakani hawakuulizwa hivi.

Laku hakuweza kuvumilia. Miaka saba wageni walikuwa wakimlalamikia kwamba anawaweka getini kwa maneno. Leo walikuwepo wageni arobaini na hakuna anayewasemesha. Akaacha geti. Akaingia akamsalimu Mama Amou kwa Kidinka, akamgeukia mwingine kwa Kibari, wa tatu kwa Kiacholi, akauliza habari za safari, za mvua, za wajukuu, huku akigawa funguo na kubeba mabegi. Mmoja alipouliza kwa nini chumba chake kina mashuka ya waridi, maana hata jiki mpya haikufua dafu, Laku hakumficha: "Mama, dobi wetu alifua pamoja na skafu ya mtu. Ni safi kabisa. Ukiota ndoto nzuri, usitudai." Wakacheka. Dakika ishirini, foleni ikaisha.

Priscilla aliyaona yote hayo kutoka ngazini, kisha akakumbuka kwamba geti liko wazi. Akakimbia nje. Geti halikuwa wazi. Viola, kwa hasira ya kunyang'anywa foleni yake, alikuwa ametoka nje kupunga hewa, akawakuta wanaume watatu na ngazi wanajitambulisha kama mafundi wa umeme.

"Nani aliwaita?" Viola alikuwa akiuliza.

"Mudir," walijibu, yaani meneja.

"Mudir gani? Jina lake? Simu yake inaisha na namba ngapi? Hiyo ngazi ni ya nani? Kama wewe ni fundi, testa yako ya kupima umeme iko wapi?"

Mmoja alisema ameisahau kwenye gari. Wakaenda kuichukua, wote watatu, na ngazi yao, na hawakurudi.

Priscilla alisimama katikati ya ua, akatazama mapokezi, akatazama geti, akaanza kucheka peke yake.

Kumhamisha Laku ndani kulikuwa rahisi. Alikuwa na kidato cha nne cha Arua na hamu ya kuongea isiyo na kipimo. Viola ndiye aliyekuwa kazi. "Madam, mimi nikae kwa geti? Na hii kucha?" Walijadiliana siku mbili. Mwisho alikubali kwa masharti: mshahara usiguswe, aitwe Mkuu wa Usalama, apewe buti mpya, na simu ya upepo. Priscilla alimwambia hakuna wa kuzungumza naye kwenye hiyo simu. Viola akasema hilo wageni hawalijui.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mzee Constantine alifika na gari la shemeji yake kwa sababu lake lilikuwa gereji. Viola alimfahamu vizuri. Lakini gari hakulifahamu.

"Kitambulisho, Mzee."

"Viola! Ni mimi. Mimi iko mwenye hoteli!"

"Najua Mzee. Gari siijui. Aliyekaa nyuma ni nani?"

"Ni shemeji!"

"Ashuke nimwone."

Shemeji alishuka. Buti ya gari ikafunguliwa, ikakutwa na mihogo. Mihogo ikatazamwa. Kule ndani Laku na wageni wawili walikuwa wamekuja dirishani.

"Hii sasa ni makosa!" Mzee alipiga kelele. "Hii ni makosa kubwa!"

Ikaja sauti ya Laku, ya upole, kutoka dirishani: "Mudir, umesikia ulichosema? Chai bila sukari. Wiki nzima."

Alikunywa. Wiki nzima, mbele ya watu, kila asubuhi, akikunja uso kama anayekunywa dawa ya malaria. Na hapo ndipo watu walipoanza kuamini kwamba hakuna orodha ya kufukuzwa.

Siku ya thelathini walikutana tena ukumbini. Mzee Constantine alisema mambo yamekuwa muzuri, wageni wanarudi, akauliza kama waongeze siku thelathini nyingine. Susan mpishi alisimama, mwiko mkononi.

"Mimi nina neno. Yule Mama Amou, siku ya kuondoka, alinivuta kando. Aliniambia kwa heshima, 'Binti yangu, supu yako imenimalizia maji ya kunywa.' Kumbe ina chumvi tena! Siku zote hizo nimepika chumvi, na ninyi mnakula mnanyamaza! Nilishamuuliza Mama Priscilla, supu ikoje? Akaniambia, 'Susan, una masufuria safi.'"

Priscilla alifunika uso kwa mikono.

"Ulimi wangu umezoea," Susan aliendelea, akiinua mwiko, "siwezi kujua mwenyewe. Mtaniachaje nijiaibishe? Mimi nataka galat yangu!"

"Hata mimi nataka yangu," alisema Laku.

Mzee Constantine alipekua makaratasi ya semina, mbele na nyuma, hakuona popote panaposema ufanye nini watu wakidai makosa yao. Akamtazama Priscilla. Priscilla alisimama.

"Nitawarudishia," alisema. "Lakini nitamwambia mtu mwenyewe, tukiwa wawili. Na nitauliza kwanza kwa nini imekuwa hivyo, kabla ya kusema. Nikisahau, mnikumbushe."

"Madam," alisema Viola kutoka nyuma, simu ya upepo kiunoni, "wewe shida yako haikuwa macho. Ilikuwa mdomo."

Priscilla alilifikiria hilo neno kwa haki, kama anavyofikiria shuka. "Ni kweli," alisema, akaketi.

Hakubadilika akawa malaika. Kuna asubuhi mdomo ulimtangulia, akalazimika kurudi ghorofani kumtafuta Josline na kuomba radhi, na Josline alishajifunza kumngojea palepale mlangoni akijua atarudi. Lakini watu walipungua kuondoka. Supu ikanyweka.

Mwezi wa kumi hoteli ya jirani ilimwita Lino. Walikuwa wamesikia habari za pasi yake, wakamwahidi mshahara wa juu. Lino aliomba ruhusa ya saa mbili akaenda kuwaona. Priscilla alimwacha aende, kisha akazunguka vyumba vyote thelathini na viwili bila kuona kitu.

Lino alirudi kabla ya chakula cha mchana.

"Vipi?" Priscilla aliuliza, akijifanya anapanga taulo.

"Watu wazuri, Mama. Lakini nilishika mashuka yao." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Haitafika Krismasi."

Akaketi kwenye cherehani yake na kuendelea na pazia la namba tisa. Priscilla alimtazama kwa muda, akavuta kiti, akasubiri mpaka waliokuwa karibu wametoka.

"Lino, huo mshono umepinda kidogo pale mwisho. Uzi ulikushinda?"

Lino alifumba macho, akaupitisha mshono wote katikati ya vidole, kuanzia mwanzo, polepole. Mwisho kabisa vidole vikasimama.

"Kweli, Mama," alisema. "Taa hapa ni mbaya." Na akaanza kuufumua.